Sehemu ya 9: Ndege imetua, treni je? Mpangie mtoto kwanza

Leo naweka pembeni chanjo na uji wa lishe. Wiki hii mama wawili wamenijia kliniki na swali linalofanana. Mmoja mdogo wake anarudi kutoka Muscat na mtoto wa miezi mitano. Mwingine binti yake anatoka Afrika Kusini na watoto wawili. Wote wanashukia Dar es Salaam kwa ndege, wana mizigo mingi, na wanataka kupanda TAZARA mpaka Tunduma, halafu waje huku kwetu Mbebe. Wapangeje?

Ni swali la safari, lakini mimi nalisikia kama swali la afya. Ndani ya ndege mtoto ana kiti na mama yake ametulia. Ndani ya treni ana kitanda. Pale katikati, kati ya mlango wa ndege na ngazi ya treni, ndipo anapokosa maziwa, anapokosa dawa, anapopigwa na jua huku mama anahangaika na mabegi. Tupange pale katikati.

Jibu langu fupi: anza na treni, halafu rudi nyuma mpaka kwenye ndege. Wengi wanafanya kinyume. Wanaona tiketi ya ndege ya bei nzuri, wanalipa, halafu ndiyo wanauliza treni inaondoka lini. Jamani, ndege za kuingia Dar zipo kila siku. Treni ya TAZARA haipo kila siku. Kwa miaka mingi treni za abiria za kwenda mpaka Zambia zimekuwa mbili kwa wiki, na kuna vipindi zimesimama kabisa. Sasa kuna mpango wa kuikarabati reli upya pamoja na Wachina, kwa hiyo ratiba ya mwaka jana isikudanganye. Mtume ndugu aliye Dar afike stesheni aulize, au mpige simu, na mpate jibu la wiki ileile ya safari. Ukiikosa treni hii hungoji lisaa limoja. Unangoja siku kadhaa, ugenini, na mtoto mgongoni.

Jambo la pili ni jina la stesheni. Dar kuna reli za aina tatu na upana wake haufanani, kwa hiyo treni ya reli moja haiwezi kuingia kwenye nyingine. Kuna reli ya kati ya zamani iliyoanza kujengwa na Wajerumani, ya Kigoma na Mwanza, yenye upana wa milimita 1,000. Kuna SGR ya umeme, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, milimita 1,435. Na kuna TAZARA yetu, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, milimita 1,067, sawa na reli za Zambia na kusini mwa Afrika. Ndiyo maana TAZARA ina stesheni yake peke yake. Sasa wewe umetua, umechoka, unamwambia dereva "nipeleke stesheni ya treni". Anaweza kukupeleka mjini kabisa, kwenye SGR. Mwambie hivi: "Nipeleke TAZARA, pale flaiova ya Mfugale." Habari njema ni kwamba iko barabara hiyohiyo ya Nyerere inayotoka uwanja wa ndege, kabla hujafika mjini. Ni kilomita chache tu, ila foleni ya barabara ile wanaoijua wanaijua.

Jambo la tatu ni saa. Hili limewakosesha watu safari. Tiketi ya ndege inaandikwa kwa saa za kizungu. Ikiandikwa 07:30 ni saa moja na nusu asubuhi, siyo saa saba na nusu mchana. Na ikiandikwa Ijumaa 00:40, hiyo ni ile tunayoiita sisi usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa, saa sita na dakika arobaini usiku. Anayekwenda kumpokea Ijumaa usiku atakuta mtu alishafika tangu jana. Chukueni karatasi, andikeni saa zote za safari kwa Kiswahili chetu, pamoja na siku, mpigieni picha anayesafiri na anayepokea.

Sasa niwasimulie kisa, mwenye nacho ameniruhusu. Mama mmoja wa huku kwetu alikuwa amekwenda Muscat kwa dada yake miezi mitatu, yeye na mwanae wa miaka mitatu. Mtoto ana kifafa, anameza dawa kila siku, na kwa dawa hizo alikuwa ametulia karibu mwaka. Walirudi kwa ndege ya kuunganisha. Wakatua Dar asubuhi, treni ilikuwa mchana wa siku hiyohiyo. Kwa karatasi muda ulitosha. Lakini begi kubwa halikuja, lilibaki huko walikobadilishia ndege. Dawa zote zilikuwa ndani ya begi lile.

Akanipigia. "Nesi, shikamoo. Begi halijafika, na dawa za mtoto zimo humo. Ameshakosa ya jana usiku na ya leo asubuhi. Treni inaondoka mchana. Nipande tu, nikifika huko nitakuja kuchukua kwako?"

Nikamuuliza ana nani Dar. Akasema yupo shemeji yake Temeke. Nikamwambia, "Mwanangu, acha treni iende."

Alilia, na namuelewa. Nauli imelipwa, ndugu wanangoja Tunduma, na treni nyingine ni mpaka wiki ijayo. Lakini mimi nilikuwa nahesabu kingine. Kutoka Dar mpaka Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, mchana na usiku mzima na zaidi, hata treni isipochelewa. Sehemu kubwa ni pori, inakatiza mpaka ndani ya hifadhi. Mtoto wa kifafa akikatishiwa dawa ghafla, degedege linaweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Sasa lirudi usiku, katikati ya Kisaki na Mlimba, nani atamsaidia?

Kilichotuokoa ni kitu kidogo. Kabla hajasafiri tulipiga picha kadi ya kliniki ya mtoto kwa simu yake: jina la dawa, miligramu, mara ngapi kwa siku, na uzito wake. Alikwenda nayo hospitali ya karibu, daktari akaiona, akampima, akamwandikia dawa ileile. Usiku ule mtoto alipata degedege, dakika kama mbili hivi, pale nyumbani kwa shemeji. Mama alimlaza ubavu, hakumtia kijiko mdomoni, hakummwagia maji. Wakamrudisha hospitali akaangaliwa mpaka asubuhi. Baada ya hapo dawa ilishika. Siku chache baadaye walipanda basi, wakaja salama. Juzi nimempima, kilo zimeongezeka.

Kwa hiyo mama zangu, muda ulioandikwa kwenye tiketi unahesabu mtu mzima asiye na mzigo na asiyeumwa. Hauhesabu mtoto wako. Hesabu hivi.

Kwanza, toka kwenye ndege mpaka nje ya uwanja wa ndege. Kuna paspoti, kungoja mabegi, forodha. Mwenye mtoto ajipe masaa mawili, na ndege yenyewe inaweza kuchelewa. Halafu kuna foleni ya barabarani, halafu stesheni ufike mapema upange mizigo. Mimi nawashauri mlale Dar usiku mmoja. Kama mna ndugu, mlale kwa ndugu. Kama hamna, tafuteni gesti safi upande uleule wa uwanja wa ndege na TAZARA, msiende kulala upande wa pili wa jiji. Najua hela ni shida. Lakini gharama ya usiku mmoja uliopanga ni ndogo kuliko ya siku nne ambazo hukuzipanga.

Pili, begi la mkononi ndilo la mtoto. Dawa zote zikae humo, za safari nzima na za siku tatu za ziada. Nepi, nguo mbili, blanketi, pakiti mbili za ORS, kipimajoto kama unacho, kadi ya kliniki. Begi kubwa likipotea na lipotee na viatu, lisipotee na dawa.

Tatu, maziwa. Ndege inapoanza kushuka, mnyonyeshe. Anapomeza, masikio yanazibuka, hatalia sana. Kama umekamua maziwa kwenye chupa, kwa joto la Dar usiyaweke nje zaidi ya masaa manne, yaliyobaki mwaga. Mwenye kunyonyesha moja kwa moja ana bahati, chakula cha mtoto anacho mwenyewe kifuani. Ila na wewe mama unywe maji na ule. Nimeona wanaonyonyesha wanafika hapa midomo imekauka kwa sababu waliogopa choo cha treni.

Nne, mavazi. Hii reli inaanza kwenye joto la pwani, inapita bonde la Kilombero lenye mbu wengi na malaria, halafu inapanda milima mpaka Makambako na Mbeya kwenye baridi. Mtoto aliyepanda na singlendi Dar anaamka anatetemeka. Mvalishe nguo nyepesi za kupandishana, moja juu ya nyingine, uwe unavua na kuvalisha. Jioni mfunike miguu na mikono kabla giza halijaingia. Chumba cha daraja la kwanza kina vitanda vinne, cha pili sita, na kwa kawaida wanawake wanawekwa pamoja. Omba kitanda cha chini.

Na mama uliyejifungua karibuni, hasa kwa upasuaji, usikae umekunja miguu safari nzima. Ndege ya masaa mengi na treni juu yake inaweza kugandisha damu mguuni. Simama, tembea, chezesha vifundo vya miguu. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikubana, hiyo ni hospitali, usisubiri kufika nyumbani.

Sasa la muhimu kuliko yote. Kabla ya kupanda treni, kaa chini stesheni mwangalie mtoto dakika tano. Ananyonya? Anatapika kila kitu? Amelegea au haamki vizuri? Amepata degedege? Mhesabie pumzi akiwa ametulia, dakika moja nzima. Mtoto wa chini ya miezi miwili akifika 60 au zaidi, wa miezi 2 mpaka 11 akifika 50, wa mwaka mmoja mpaka mitano akifika 40, anapumua haraka kuliko kawaida. Na mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye homa, hata kama anacheka, aonwe na daktari kwanza. Ukiona moja ya haya, acha treni iende. Ukiwa Dar hospitali ziko karibu. Ukiwa ndani ya behewa huwezi kuteremka unapotaka.

Ndiyo maana kila safari iwe na njia ya pili tangu mwanzo. Mabasi ya Tunduma yapo, yanaondokea stendi ya Magufuli kule Mbezi. Jueni tu kwamba Mbezi ni mbali na uwanja wa ndege, siyo kama TAZARA. Na mwenye uwezo ipo ndege ya Dar mpaka uwanja wa Songwe. Hapo nako jina linachanganya watu: uwanja wa Songwe uko mkoa wa Mbeya, na mkoa wetu wa Songwe ulizaliwa mwaka 2016 tu. Ukitua pale bado una barabara ya kuja Tunduma, halafu huku Ileje. Angalia pia kilo za mizigo wanazoruhusu, za ndege ya nje na za ndege ya ndani hazifanani.

Na mwisho wa reli siyo mwisho wa safari. Treni inaweza kuingia Tunduma usiku wa manane. Mtu wa kupokea awe na namba ya simu ya zaidi ya mtu mmoja, aje na blanketi na chai ya moto. Ikiwa ni usiku, mlale Tunduma. Msimpakie mtoto kwenye bodaboda usiku na baridi ile ati kwa sababu nyumbani ni karibu. Nyumbani hapahami.

Wale mama wawili tumekaa, tumeandika karatasi zao. Wa Muscat amesogeza tarehe ya ndege siku mbili nyuma, apate kulala Dar. Binti wa Afrika Kusini ataniletea watoto siku ya pili baada ya kufika, niwapime na kuangalia chanjo.

Mwenye ndugu anayesafiri mwezi huu, mtumieni hii. Kama mtoto ana sikoseli, pumu, kifafa au moyo, mnione kabla hamjalipa tiketi, tupige picha kadi na tupange dawa. Sehemu ya 10 nitaeleza jinsi ya kuchanganya ORS ukiwa njiani na maji ya chupa, maana pakiti yetu inataka lita moja kamili na wengi wanaimwaga kwenye nusu lita. Usiku mwema.