Msafiri anayelipa kodi ya nyumba

Mpenzi msomaji, je, wewe una udhuru gani ambao umeubeba miaka nenda miaka rudi? Wangu ulikuwa huu: mimi ni msafiri.

Huu ni mwaka wangu wa sita katika mtaa wa Pipeline, hapa Nairobi. Lakini kila Ijumaa nilijiambia kwamba kwetu ni Lamu, huku nimekuja kutafuta tu, na msafiri hana wajibu wa swala ya Ijumaa. Adhuhuri nikiiswali peke yangu chumbani, na siku nyingine ikinipita.

Mwezi uliopita ami yangu alikuja harusini, akae siku mbili arudi. Ijumaa asubuhi, hata chai hajaimaliza, akaanza kunyoosha kanzu yake.

"Ami, wewe umeingia jana tu," nikamwambia. "Hulazimiki."

"Najua, mwanangu. Mimi ni msafiri. Na wewe, unalipa kodi ya nyumba?"

Nilinyamaza. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi kule pwani, anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, amekwisha kuwa mkaazi. Mimi nilikuwa na miaka sita!

Tulishuka ngazi kutoka ghorofa ya sita, ami akilalamikia magoti, tukapenya kati ya mitungi ya maji na nguo zilizoanikwa, tukapanda matatu hadi mjini. Msikiti wa Jamia, uliokamilika mwaka 1933 kwa juhudi za Waislamu waliotoka Bara Hindi, unasimama karibu na maktaba ya McMillan, na makuba yake matatu na minara yake miwili. Nimepita nje yake mara zisizo idadi nikikimbilia kazini.

Ndani, safu zilikuwa zimejaa wachuuzi, wanafunzi, mawakili na makuli, bega kwa bega. Baada ya salamu niligeuka kumpa mkono jirani yangu. Alikuwa kijana wa ghorofa ya tatu, jengo letu hilo hilo! Tumepishana ngazini miaka miwili bila kujuana jina.

"Kumbe wewe ni Muislamu?" akaniuliza.

Swali lile lilinichoma, msomaji.

Alasiri tuliswali nyumbani, sote watatu, ami akiwa imamu. Akiwa msafiri, alipunguza: rakaa mbili, akatoa salamu. Mimi na yule kijana tukainuka kukamilisha nne zetu, kama wenyeji wanavyopaswa.

Ami aliondoka kesho yake. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ijumaa iliyofuata, saa tano na nusu, mlango wangu ulibishwa. Alikuwa jirani wa ghorofa ya tatu, kofia kichwani, akiniuliza kama niko tayari.