Pikipiki Kariakoo: Cha juu kimejificha wapi?

Ukisikia mtu kaliwa Kariakoo, usidhani kila mara kachomolewa mfukoni. Wengine huliwa mchana kweupe, wamekalia kiti, soda mkononi, wanacheka na muuzaji. Hasa hawa waliokuja na fedha za pikipiki mpya.

Jina la mtaa wenyewe lilitokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Enzi hizo walibebeshwa wapagazi. Siku hizi anabebeshwa mteja.

Ukikanyaga Msimbazi tu, unadakwa na winga. "Bosi wangu, Boxer? TVS? Twende nikupeleke kwenye bei ya jumla!" Jamaa hana duka wala stoo, mtaji wake mdomo. Akikuingiza dukani, cha juu chake kinapachikwa kwenye bei yako, kimyakimya. Mwambie, "Asante mdogo wangu, nina mwenyeji," halafu songa. Ingia maduka matatu peke yako, ulizia aina ileile, andika bei, toka.

Cha juu cha pili kimo dukani kwenyewe. Nilimshuhudia kijana mmoja na mama yake, fedha zimefungwa kwenye pindo la khanga. Ng'ombe wawili walishauzwa hapo, na mchezo wa akina mama juu. Muuzaji kasema milioni 3, kijana keshapanda pikipiki anachekacheka kama bwana harusi. Mama akauliza taratibu, "Baba, hiyo ni pamoja na kadi na namba?"

Muuzaji akakohoa. Kadi mbali, bima mbali, kofia ngumu mbali!

Mama akakaza fundo la khanga. "Mwanangu shuka, twende jirani." Hawajafika mlangoni, wakaitwa. Milioni 3 ikabaki palepale, lakini kadi na namba ndani, kofia mbili ndani. Bima wakajilipia.

Ujanja wa yule mama ni huo tu, msomaji. Usibishanie bei ya chuma, bishania bei ya pikipiki ikiwa barabarani na namba yake ya MC. Na usiipande kabla hamjaelewana. Muuzaji akishaona meno yako yote, hapunguzi hata mia. Jirani anauza chuma hichohicho, naye anajua.

Mkishaelewana, inama. Soma namba ya injini na ya chesisi, uhakikishe ndizo zilizoandikwa kwenye karatasi zako. Dai risiti ya EFD yenye kiasi ulicholipa kweli. Akikunong'oneza, "Bila risiti nakupunguzia," kataa. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Na wewe usiye na fedha taslimu, unayechukua bodaboda kwa mkataba, piga hesabu kabla ya kusaini. Tuseme unapeleka elfu 10 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Wiki 52 ni shilingi 3,120,000. Mkataba ukivuka mwaka, kila wiki ni elfu 60 nyingine. Tena uliza: ukiugua wiki nzima, au pikipiki ikilala gereji, siku hizo nani anazilipa? Mwambie aandike. Maneno ya mdomo hayaendi polisi.

Haya, wiki njema. Na hiyo kofia ya bure uivae, usiitundike kwenye kioo!