Ratiba zisizo na kazi

Wiki hii nasafisha modeli ya jengo la ofisi kwenye EnergyPlus, programu ya kukadiria matumizi ya nishati iliyogharamiwa na Idara ya Nishati ya Marekani. Faili lake ni maandishi tu, na takataka hujaa: aina za kuta zisizo na chumba, ratiba zisizo na taa. OpenStudio ina amri purgeUnusedResourceObjects inayofagia zote mara moja. Tamu kweli, lakini jamani, mimi kwanza huwasha DisplayUnusedSchedules nisome majina. Ratiba ya taa za usiku ikionekana haitumiki, pengine taa zimeunganishwa na ratiba nyingine, na hesabu yote ya umeme ni uongo! Hiyo sifuti, naiunganisha. Kuta nafuta kwa mkono, kisha narudia kutafuta, maana sasa matofali yake nayo hayana mwenyewe.