Vumbi na Yakuti

Vumbi la Mtaa wa Msimbazi, msomaji, si kitu cha kudharau. Ndani yake mna chembe za mchanga, na mchanga mwingi ni kwatsi, madini yenye ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs, ambacho kilele chake ni almasi yenye 10. Kioo cha kawaida hakifiki 6. Ndiyo maana saa ya mchuuzi wa Kariakoo hupata ukungu wa mikwaruzo kabla ya mwaka kwisha.

Hayo niliyawaza watoto walipoazimia kumnunulia mama yao pete ya tanzanaiti. Mke wangu huuza nafaka. Mkono wake kutwa uko magunini na kwenye mawe ya mizani. Tanzanaiti, fahari yetu ya Mererani tangu 1967, ina ugumu wa 6 na nusu hivi. Kila unapoifuta kwa upindo wa kanga, ni kama kuipiga msasa. Tena fuwele yake ina upande mmoja ambako atomi zimeshikana kwa udhaifu. Pigo likiukuta upande huo, jiwe hupasuka kama kuni iliyofuatwa nyuzi zake.

Sonara mmoja wa Mtaa wa Indira Gandhi akanionyesha yakuti ya kutengenezwa. Wengi huiita feki. Mimi naona wanaidhulumu. Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza njia yake mwaka 1902: unga laini wa alumina hudondoshwa katika ndimi za moto wa haidrojeni na oksijeni, huyeyuka kwenye joto linalopita nyuzi 2,000 za Selsiasi, kisha matone hugandana juu ya kijiti na fuwele ikakua kwa saa chache tu. Atomi ni zile zile za yakuti ya ardhini, mpangilio ule ule, ugumu ule ule wa 9. Vioo vya saa za bei ghali hukatwa humo. Sonara aliipitishia ncha ya kisu. Chuma ndicho kilicholika, kikaacha mstari wa kijivu, akaufuta kwa kidole.

Lakini ugumu si uimara. Yakuti haijui kupinda kama chuma. Ikigongwa vibaya hupata ufa.

Nikamweleza mwenyewe yote hayo. Akasikiliza huku akipepeta choroko.

“Mzee, jiwe la kiwandani sitaki. Nataka la Mererani.”

“Na vumbi?”

“Basi ninunulieni hereni. Masikioni sibebi gunia.”

Tukanunua hereni. Sonara alionya zisioshwe kwa maji ya moto, kwani tanzanaiti huogopa joto la ghafla. Maji ya vuguvugu na sabuni kidogo vinatosha.