Akiba Isiyojilinda

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Neno hilo ni la kweli, lakini ukweli wake una sharti. Dagaa wanaoanikwa kando ya Ziwa Viktoria, karibu na Mwanza, ni akiba ya chakula. Lakini hawakauki kwa kutupwa mchangani. Sharti mtu awatandaze, awageuze, afukuze ndege, na kuwaondoa mawingu yakitanda. Akiba haiozi ikiwa mwenyewe halali.

Leo nyumba nyingi za mjini zina akiba ya namna nyingine: picha za arusi na za matanga, vyeti, tasnifu, na sauti za wazee wakisimulia kwa Kisukuma na Kikerewe. Aghalabu mali hii yote imo katika simu moja. Simu ikitumbukia ziwani kivukoni, au ikiibwa sokoni, nyumba hupoteza kwa dakika moja kumbukumbu za miaka. Makampuni ya ng'ambo hupokea amana za namna hii kwa njia ya intaneti. Lakini nafasi kubwa hulipiwa kila mwezi, na kupeleka picha hula bando. Kodi ikikatika, amana huwa mashakani.

Basi mwenye fedha kidogo aweza kujijengea ghala lake. Mwaka 2012 kompyuta ya ubao mmoja iitwayo Raspberry Pi ilianza kuuzwa Uingereza kwa dola 35. Ukubwa wake ni kama kadi ya benki. Ubao huo huunganishwa na diski ya nje, kisha na ruta ya nyumbani. Ndani yake huwekwa Linux, na juu ya Linux huwekwa Samba, programu iliyoanzwa na Andrew Tridgell wa Australia mwaka 1992. Zote mbili hutolewa bure. Hapo simu na kompyuta za nyumbani huiona diski ile kama kabati la wote, hata intaneti isipokuwapo. Mbao za awali zilipitisha mtandao na diski katika njia moja ya ndani, zikawa nzito. Raspberry Pi 4 ya mwaka 2019 ilizitenga njia hizo.

Adui wa kwanza wa ghala hili ni kukatika kwa umeme. Umeme ukizimika ubao unapoandika, kadi yenye mfumo huweza kuharibika na mafaili kuvurugika. Kwa kuwa ubao hutumia wati chache tu, betri ndogo yatosha kuushikilia mpaka uzimwe kwa taratibu. Adui wa pili ni kujidanganya. Diski mbili zinazoigana ni kinga ya diski kufa, si kinga ya mkono wa mtu: faili likifutwa katika moja, hufutika katika ya pili. Wala hazikingi mwizi, radi wala moto, maana zimo chumba kimoja. Nakala ya kweli hukaa nyumba nyingine.

Ng'ambo ya maji, kisiwani Ukerewe, thamani ya kutunza ina shahidi. Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945 riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe. Kitabu cha Kiswahili, alichokifasiri mwenyewe, kilitoka mwaka 1980. Kwa miaka 35 kazi hiyo iliishi kwa kuwa ilishikwa na mikono isiyochoka. Tena karatasi ina fadhila moja: msomaji wake hahitaji chombo ila macho. Diski huhitaji umeme, programu na mtu ajuaye mpango wake. Mtu huyo akifa bila kumwachia mwingine ujuzi, ghala lililojaa huwa sawa na tupu.

Kwa hiyo bei ndogo ya ubao ni kizingiti tu cha kazi hii. Kinachogharimu ni desturi: kunakili kila juma, kujaribu kuirudisha nakala kabla ya msiba, na kumfundisha kijana wa nyumba kazi hiyo. Nyumba ishikayo desturi hii haitawasuta wahenga.