Somo Hakuniambia Haya

Nilipovunja ungo, somo yangu alinikalisha ndani akanifundisha kujitunza na kujisinga liwa. Hedhi ilipokoma, nina miaka 51, hakuja mtu.

Ilianza mikononi. Ngozi ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Nikijigonga kidogo tu, alama inakaa wiki mbili. Kisha miguu ikawa inawasha usiku kucha. Nikalaumu maji ya kisima, nikabadili sabuni. Shoga yangu akaniletea krimu ya kopo, haina hata jina la mtengenezaji. Miezi miwili uso uling'aa, halafu ukawa hauvumilii jua, unachoma.

Daktari alilishika lile kopo, akasikitika. Krimu nyingi za namna ile, aliniambia, hutiwa steroidi, na steroidi huikondesha ngozi. Yangu ilikuwa imekwisha konda, nami nikaizidishia.

Akaniuliza habari za hedhi. Ndipo nikajua kwamba estrojeni, homoni inayotoka kwenye ovari, ndiyo iliyokuwa ikiisaidia ngozi kutengeneza kolajeni na kushika unyevu. Miaka 5 ya mwanzo baada ya hedhi kukoma, mwanamke huweza kupoteza karibu asilimia 30 ya kolajeni ya ngozi yake. Nililia pale pale. Miezi yote ile nilidhani nimejitupa.

Nikaomba homoni siku hiyo hiyo. "Mama, kwa ajili ya makunyanzi peke yake sikupi," akasema. Nilipomweleza joto linalonipanda ghafla na shuka ninazobadilisha usiku, akavuta kiti. Akauliza saratani ya matiti katika ukoo wetu, damu kuganda, presha. Matiti yakapimwa. Kwa kuwa kizazi ninacho, estrojeni ilifuatana na projesteroni, maana ikitumiwa peke yake hunenepesha ukuta wa kizazi na inaweza kuleta saratani.

Usingizi ulirudi kwanza. Ngozi ilichukua miezi: mwasho ukatulia, mikono ikaacha kupasuka. Makunyanzi yapo. Doa la ile krimu nalo lipo shavuni. Nikitoka kuoga hujipaka mafuta ya mgando maji hayajakauka mwilini, na juani sitoki bila mtandio.

Mdogo wangu ana miaka 47, hedhi imeanza kuruka miezi. Ijumaa nilimwita, nikamkalisha mkekani, nikamnyooshea mikono yangu aitazame.