Chombo cha Mnazi Hupumua

Ukimwambia mtu wa Mombasa kwamba unatoka Kibarani, anakunja pua. Anawaza Kibarani ya kwao, pale karibu na Makupa, palipokuwa jaa la taka kwa miaka mingi. Yetu ni Kibarani ya Kilifi, ya minazi na mikorosho, ambako mgeni huelekezwa kwa kutajiwa shule ya viziwi.

Baba yangu ni mgema. Mimi ni fundi wa bomba za bia. Watu hucheka nikisema hivyo, lakini ni kazi kama kazi nyingine. Kuna hoteli Watamu na Kilifi ambako bia haitoki kwenye chupa, inatoka kwenye pipa la chuma, inapita mpirani na kushuka kwenye glasi. Siku glasi ikijaa povu tupu, ndipo naitwa. Kazi nilijifunzia kwenye baa za kegi. Senator Keg ilitolewa na East African Breweries mwaka 2004, iwe bia ya bei ya chini ya kuwavuta watu watoke kwenye pombe za vichochoroni, na kila baa iliyoiuza ilihitaji mtu wa kusafisha mipira na kubadilisha raba. Nikawa mtu huyo.

Miaka mitatu iliyopita Baba aliacha kupanda. Goti lilikataa. Alituambia aliteleza siku ya mvua, nasi tukaamini. Mpwa wangu akaichukua minazi, akawa anagema asubuhi na jioni. Lakini wazee wenzake Baba, waliozoea kuja nyumbani jua likipoa, wakaanza kupotea mmoja mmoja. Mnazi wa jioni mpwa wangu aliupeleka moja kwa moja mangweni, kwenye pesa. Uliobaki nyumbani ulikuwa wa asubuhi, na kufikia saa kumi na moja ulikuwa mkali wa kuchoma koo.

Asiyeujua mnazi nimweleze. Ukidondoka kutoka kwenye ncha ya karara iliyokatwa huwa mtamu kama maji ya miwa. Hamira ya hewani, na ile iliyobaki kwenye kibuyu tangu jana, huanza kazi papo hapo. Adhuhuri ushakuwa pombe. Kesho yake unaelekea kuwa siki. Joto letu ndilo linaloukimbiza.

Basi nikajiambia, hotelini tunaweka bia kwenye baridi ikakaa siku kadhaa. Kwa nini nisimfanyie Baba vivyo hivyo? Mnazi wa asubuhi uingie kwenye pipa, pipa liingie kwenye friji, jioni wazee wavute bomba. Baba apate tena watu wa kuongea nao.

Nikashuka Mombasa kununua vifaa, na hapo ndipo nilipokosea. Nikiwa kazini kwa mwenye hoteli huwa mkali. Siwezi kumfungia mpira wa ovyo. Lakini hiki kilikuwa cha nyumbani, pesa ni zangu, nikajifanya mjanja. Pipa nilipata la lita 19, la stenlesi, lililowahi kubeba soda, na hilo lilikuwa zuri. Vali ya usalama kwenye kifuniko chake ilikuwa imekwama kwa sukari na uchafu. Muuzaji akanipa nyingine ya shilingi 150, haina chapa wala namba ya msukumo. Nikaichukua. Mpira nikakata ule wa kumwagilia bustani. Viungo vya shaba nikaokota kwenye kapu la vikuukuu. Nikanunua na mtungi mdogo wa gesi ya kusukuma mnazi. Bomba lenyewe, lile linaloonekana, nikalipia shilingi 4,500. Lilikuwa linang'aa, na mkono wake wa mbao umechongwa vizuri. Nilitaka wazee walione.

Nilitoboa ubavu wa friji kuukuu, nikapitisha mpira hadi kwenye meza ya barazani. Siku ya kwanza Baba alionja, akanyamaza, kisha akasema, "Unanuka kiatu."

"Ni mpira mpya, Baba. Harufu itaisha."

"Haya."

Siku ya tatu stima ilipotea saa nne asubuhi, na haikurudi hadi usiku. Mimi nilikuwa kazini Watamu. Fundi kama mimi alipaswa kukumbuka jambo moja. Bia ya hotelini inafika ikiwa imemaliza kuchacha na hamira imechujwa. Mnazi uko hai. Baridi haiui hamira yake, inailaza tu. Friji ilipopata joto, hamira ikaamka ndani ya chombo kilichofungwa kabisa, ikaendelea kutengeneza gesi saa baada ya saa. Ile vali ya 150 haikufunguka hata kidogo.

Mpira ulichomoka mezani na kiungo chake cha shaba, ukajipiga ukutani. Baba anasema alidhani ni bunduki. Kiungo kilichimba shimo kwenye ukuta wa udongo, kimo cha mtoto aliyekaa. Mjukuu wake wa miaka minne alikuwa amekaa hapohapo akila muhogo. Alikuwa ametoka kwenda kumfukuza kuku.

Nilipofika jioni shimo bado lilikuwa bichi. Nilingoja nitukanwe. Baba hakunitukana. Aliniambia nifungue kila kitu, nikitandaze jamvini. Akaketi, goti limenyooka, akawa anaokota kifaa kimoja kimoja.

"Hiki kazi yake nini?"

"Kinabana mpira, Baba."

"Kikiachia?"

Sikujibu.

"Weka huku. Na huu?"

"Unapitisha mnazi."

"Weka kule."

Tulifanya hivyo hadi kukawa na mafungu mawili: vitu vinavyogusa mnazi, na vitu vinavyozuia nguvu yake. Likabaki bomba langu la kung'aa. Baba aliligeuza, akakwaruza mdomo wake kwa ukucha. Chini ya ule mng'aro palikuwa na shaba, na mnazi, kwa uchachu wake, tayari ulikuwa umeacha ukijani pale rangi ilipobanduka.

"Hili umelinunua kwa ngapi?"

Nikamwambia. Akauliza bei ya vali. Nikamwambia.

Akacheka kidogo, si kicheko cha furaha. Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwahi kutuambia. Siku aliyoanguka haikunyesha. Kulikuwa na kidato kimoja kwenye mnazi wa nyuma ya choo, cha tisa au cha kumi kutoka chini, kilichokuwa kimeliwa na ukungu. Alikijua. Kila asubuhi mguu ulikihisi kikilegea. Kuchonga kingine pembeni yake ni kazi ya dakika chache. Lakini wiki hiyo alikuwa amenunua kotama mpya, kali, kila mtu akiisifu, na shughuli yake yote ilikuwa kuinoa.

"Nikaanguka na kotama yangu nzuri mkononi," alisema.

Mimi nilisoma mpaka kidato cha nne kwa pesa ya minazi ile. Nilikaa nikitazama goti lake, nikikumbuka nilivyomcheka muuzaji aliyenionyesha vali ya shilingi 1,800.

Tulianza upya, na safari hii Baba ndiye aliyechagua. Hakusoma chapa yoyote. Kwa mpira aliniagiza nilete vipande vya aina tofauti, nikaleta vitatu. Alivitia maji ya moto, akavifunga ncha, akaviacha usiku kucha. Asubuhi alimimina maji ya kila kimoja kwenye kikombe, akanusa, akaonja. Viwili vilinuka. Cha tatu, kile kinachotengenezwa kwa ajili ya vinywaji, maji yake yalikuwa maji. Nimefanya kazi hii miaka mingi na sikuwahi kufikiria kumjaribu muuzaji hivyo. Siku hizi nafanya hata hotelini.

Kwa viungo na bomba tuliamua stenlesi tupu, hata kama bomba ni dogo na halina mkono wa kuchongwa. Raba nilinunua mpya zote, kwa sababu raba iliyokaa kwenye soda haiachi harufu ya soda. Vibano nikaweka vya kukazwa kwa skrubu, viwili kila mwisho.

Mtungi wa gesi Baba aliusukuma pembeni. "Huu wa nini? Mnazi una pumzi yake." Nilianza kumweleza, nikagundua ananizidi. Wauza mnazi wote wanajua hili. Jerikeni ya mnazi haikazwi kifuniko, na kibuyu huzibwa kwa majani yanayopitisha hewa. Hamira ikiamka inatoa gesi ya kutosha kusukuma glasi. Kinachohitajika ni vali inayoweza kurekebishwa, inayobakisha msukumo kidogo na kuachia unaozidi. Nikauza mtungi, pesa yake ikanunua vali hiyo, na nyingine mpya ya usalama juu ya kifuniko iwapo ya kwanza itakwama. Kabla ya kutia mnazi tulilijaribu pipa kwa maji na hewa ya pampu ya baiskeli. Vali zote mbili ziliachia. Baba aliniambia nirudie. Nikarudia.

Kitu cha mwisho ni chake mwenyewe. Mnazi una sira na vijisehemu vya karara, na nilijua vitaziba bomba. Nilitaka kuagiza kichujio. Baba alikata kipande cha kilifu, zile nyuzi zinazofunika shina la kuti, akakichemsha, akakifunga kwenye ncha ya bomba la ndani ya pipa, kama kinavyofungwa kwenye ncha ya mrija wa kunywea. Tunakibadilisha kila siku tunapoosha pipa. Mpira nao unaoshwa kila siku. Bia yaweza kungoja wiki mbili, mnazi haungoji.

Jumamosi wazee walikuja wanne. Baba alivuta bomba, akamwagia koma kidogo chini kwanza, kisha akajaza mboko ya mkubwa wao. Mzee alionja, akaangalia friji, akaangalia mboko, akasema ni wa asubuhi kweli huu? Baba akamjibu kwa kumwongeza.

Giza lilipoingia stima ikapotea. Nilihesabu moyoni tangu friji iliponyamaza. Mara kukasikika sauti ndogo kutoka ndani yake, fsss, ikanyamaza, kisha tena. Mzee mmoja akaruka kitini akidhani ni nyoka.

"Keti," Baba akasema. "Kinapumua."